Kompresa Ipi Ipande Gari? Mjadala wa Sauti Nne

Kompresa ya hewa inayobebwa na gari ni mtambo unaovuta hewa ya kawaida, ukaibana hadi ikawa na presha kubwa, kisha ukaipeleka kwenye tairi, kwenye spana ya upepo au kwenye chombo kingine kinachohitaji nguvu hiyo. Na kwa kuwa mtambo wenyewe husafiri pamoja na gari, uchaguzi wake hautazamwi kama ule wa kompresa ya karakana, ambayo hukaa mahali pamoja, hupata umeme wa gridi na haijui mtikisiko wa barabara. Suala hili huonekana dogo mpaka liangukie meza ya kampuni ya usafirishaji yenye malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma kupitia Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako, njia ya zaidi ya kilomita 900 ambamo tairi moja lililopasuka porini hulaza shehena nzima hadi msaada ufike. Msaada huo ndio gari la huduma, yaani lori dogo, mara nyingi Fuso Canter au Isuzu ya tani chache, linalobeba fundi, jeki, matairi ya akiba na chanzo chake cha upepo.

Mjadala ufuatao unahusu chanzo hicho cha upepo, na umepangwa kwa sauti nne: ya dereva mkongwe wa malori, ya mhasibu wa kampuni, ya fundi wa matairi na ya mhandisi wa mitambo. Wasemaji ni wa kubuni, ila hoja zao ni zile zile ambazo hubishaniwa kila panapofunguliwa boneti kando ya barabara.

Dereva ndiye anayeanza, na anaanza kwa kukana haja yenyewe. Kwa maoni yake, lori kubwa limetoka kiwandani likiwa na kompresa, kwa sababu breki zake huendeshwa kwa upepo, na madereva wa zamani walikuwa wakichukua hosi, wakaiunga kwenye mfumo huo, wakajaza tairi na kuondoka bila kumsubiri mtu wala kumlipa mtu. Kampuni inayonunua kompresa nyingine, pamoja na gari la kuibeba, inalipia kitu ambacho tayari inacho.

"Shikamoo, Mzee," anajibu mhandisi. "Hakuna anayebisha kwamba upepo upo. Kinachobishaniwa ni kazi uliyowekewa upepo huo."

Maelezo yake yanahitaji kufuatwa kwa utulivu, kwa kuwa yanagusa uhai wa watu. Mmarekani George Westinghouse alipewa hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, na wazo lake lilipohamia kwenye malori lilichukua sura ambayo dereva yeyote wa leo anaifahamu: dereva anapokanyaga pedeli, upepo husukuma viambaza vya breki, lakini breki ya kuegeshea hufanya kazi kinyume, kwa maana kwamba springi yenye nguvu ndiyo inayokamata magurudumu na upepo ndio unaoizuia springi hiyo isikamate. Upepo ukipungua mno, springi hujiachia na lori hukwama pale lilipo. Kabla ya kufika huko lakini kuna eneo la hatari zaidi, ambapo upepo uliobaki unatosha kuliondoa lori lakini hautoshi kulisimamisha mara kwa mara kwenye mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Mtu anayechota upepo wa breki kujazia tairi, kisha akaondoka kwa haraka kabla geji haijapanda, anaingia katika eneo hilo kwa hiari yake.

Dereva hakubali kushindwa kirahisi, na jibu lake ni zuri. Anakumbusha kwamba malori mengi ya Ulaya yana tundu maalumu la kujazia matairi, lililowekwa na watengenezaji wenyewe karibu na kikausha hewa, kile chombo chenye chembechembe za kunyonya unyevu kabla upepo haujaingia kwenye mitungi. Watengenezaji wasingeliweka tundu hilo kama lingekuwa la hatari. Mhandisi anakiri kwamba hoja hiyo ni sahihi, na anaongeza kwamba valvu ya kinga, inayotenganisha njia mbalimbali za upepo ili uvujaji wa njia moja usimalize nyingine, hupunguza hatari aliyoieleza. Anachokataa ni kuligeuza tundu la dharura kuwa karakana. Kompresa ya breki hubuniwa kwa kutegemea mapumziko: mitungi ikijaa, kidhibiti presha huiachia izunguke bila kubana hewa, na hivyo ndivyo inavyokaa sehemu kubwa ya safari. Ikilazimishwa kujaza matairi mawili au matatu matupu mfululizo, hupata joto, mafuta hupenya kwenye ringi za pistoni na kwenda kuzichafua zile chembechembe za kikausha hewa, na baada ya hapo unyevu huingia kwenye valvu za breki pole pole, bila dalili yoyote ambayo dereva ataiona siku hiyo.

Katika hatua hii ya kwanza, basi, kila upande una haki yake. Kuongeza upepo kidogo kwenye tairi moja lililolegea, injini ikiwa inawaka na magurudumu yakiwa yamewekewa vizuizi, ni matumizi halali ya kompresa ya breki. Kuijenga huduma ya kampuni nzima juu yake ni kukopa kwenye breki, na deni hilo hulipwa mteremkoni.

Mhasibu anaingia akiwa na bei mkononi. Amekuta kompresa ndogo za umeme, zinazounganishwa kwenye betri ya gari kwa vibano viwili, zikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya mitambo mingine. Boksi linasema zinafikia baa 10, ilhali tairi la lori hujazwa takriban baa 8, sawa na paundi 116 kwa inchi ya mraba. Kama chombo cha bei ndogo kinafikia presha inayotakiwa, na kinazidi kidogo, kununua kikubwa ni ufahari.

Hapa ndipo mjadala unapogusa kosa linalowagharimu wanunuzi wengi kuliko yote, nalo ni kuisoma presha ya juu kabisa kana kwamba ndiyo kipimo cha nguvu ya kompresa. Presha hueleza jinsi hewa ilivyobanwa. Haielezi ni hewa kiasi gani inatoka. Kipimo cha pili, ambacho ndicho cha kwanza kwa umuhimu, ni utoaji wa hewa huru, yaani ujazo wa hewa ya kawaida ambao mtambo huvuta na kuutoa upande wa pili kwa dakika, ukipimwa wakati mtambo unasukuma dhidi ya presha ya kazi. Watengenezaji hupenda kuandika utoaji uliopimwa bila presha yoyote mbele, au mbaya zaidi, ujazo ambao pistoni huufagia kwenye silinda, na takwimu zote mbili ni kubwa kuliko kinachofika kwenye tairi. Katika kompresa nyingi za pistoni, hewa inayotoka kwa presha ya kazi ni kama theluthi mbili tu ya ujazo unaofagiwa, na katika zile ndogo za umeme pengo hilo huwa pana zaidi kadiri presha inavyopanda.

Mhandisi anaomba kalamu na karatasi. Tairi la ukubwa wa 315/80R22.5, ambalo ni la kawaida kwenye malori ya masafa marefu, lina nafasi ya ndani ya takriban lita 160. Kulijaza kutoka tupu hadi baa 8 kunahitaji hewa ya kawaida mara nane ya nafasi hiyo, yaani karibu lita 1,280. Kompresa ndogo ya betri inayotoa lita 70 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na ambayo hushuka hadi lita 30 au chini yake inapokaribia presha ya juu, itahitaji zaidi ya nusu saa kwa tairi moja. Na kwa kuwa vyombo hivyo hutakiwa kupumzishwa baada ya dakika chache za kazi ili visiungue, nusu saa hiyo hugeuka saa nzima au zaidi. Mtambo unaotoa lita 500 kwa dakika kwa presha ya kazi humaliza kazi hiyo hiyo kwa muda usiofika dakika 3.

"Basi inunuliwe ya umeme iliyo kubwa," anasema mhasibu.

"Haitapata umeme wa kula, Dada," anajibu mhandisi. Kubana lita 500 kwa dakika hadi baa 8 kunahitaji nguvu ya takriban kilowati 4 kwenye shafti. Kwa mfumo wa volti 24 hizo ni zaidi ya ampea 165 hata kabla ya kuhesabu upotevu, na kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 330, wakati alterneta ya lori dogo kwa kawaida haifiki ampea 150 na ina taa na betri za kuhudumia. Waya wa kubeba mkondo huo ungekuwa mnene kama wa kiwasha injini, na betri zingezeeka mapema. Kikomo cha kompresa ya umeme, kwa hiyo, kiko kwenye gari lenyewe.

Inafaa hata hivyo kusemwa kwamba mhasibu angekuwa na haki kamili kama kampuni yake ingekuwa ya utalii. Land Cruiser inayotoka Arusha kwenda Ndutu au Ziwa Natron hushusha upepo ili isizame kwenye mchanga na majivu ya volkano, kisha huhitaji kuurudisha inapofika barabara ngumu. Tairi lake lina nafasi ya lita 65 hivi, na kulipandisha kutoka baa 1.2 hadi baa 2.4 kunataka lita 78 tu. Matairi manne hayafikishi lita 320. Kompresa ya umeme yenye silinda mbili, iliyofungwa chini ya boneti na kulishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi yake yenyewe na rilei, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, haina beliti, haina tenki na haihitaji mafuta. Sharti ni moja: isichomekwe kwenye tundu la kuwashia sigara, ambalo fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 20, wakati kompresa ya aina hiyo yaweza kuvuta ampea 50. Huko umeme ndio jibu, na hakuna sababu ya kutafuta jingine.

Fundi wa matairi amenyamaza muda mrefu, na anapozungumza anauhamisha mjadala kutoka kwenye tairi kwenda kwenye nati. Anasema wote wanahesabu kujaza, hali kazi inayochosha ni kufungua. Gurudumu la lori hushikwa na nati 10, kila moja ikikazwa kwa nguvu ya takriban nyutonimita 600, na baada ya miezi ya joto, maji na vumbi nati hizo haziachii kwa mkono bila utingo kupanda juu ya bomba la spana na kurukaruka. Spana ya upepo ya inchi moja, yaani ile yenye kichwa cha kushikia soketi cha upana huo, huzifungua kwa sekunde chache kila moja, lakini inapozunguka hunywa hewa kwa kasi ya lita 500 hadi 800 kwa dakika, na hutaka presha isiyopungua baa 6.

Kwa kazi ya namna hiyo, anaendelea fundi, tenki lina thamani kuliko mtambo. Spana hufanya kazi kwa vipindi: sekunde tano, kisha fundi anahamia nati nyingine, anabadili soketi, anafuta jasho. Tenki la lita 100 lililojazwa hadi baa 10 linaweza kushuka hadi baa 6 likiwa limetoa lita 400 za hewa ya kawaida, na kiasi hicho, kikisaidiwa na mtambo unaoendelea kujaza, kinatosha gurudumu zima. Mhandisi anamuunga mkono, ila anaweka mpaka: tenki hilo hilo, likitumiwa kujazia tairi, haliwezi kulifikisha baa 8 kwa akiba yake, kwa sababu presha ya tenki na ya tairi husawazika mapema, na akiba yote iliyo juu ya baa 8 ni lita 200 tu kati ya zile 1,280. Tenki ni la spana; utoaji wa dakika kwa dakika ndio wa tairi.

Fundi ana neno jingine ambalo katika vitabu hupewa mstari mmoja, na ambalo huenda lina faida kuliko kurasa nyingi za takwimu. Mtambo mzuri ukiunganishwa na hosi nyembamba huwa mtambo mbaya. Hosi ya tundu la milimita 6 au 8, ndefu ya kuzunguka lori na tela lake, hula presha njiani kiasi kwamba geji ya tenki inaonyesha baa 9 na spana inapata baa 4, na fundi asiye mwangalifu hulaumu spana, kisha kompresa, kisha muuzaji. Kwa spana ya inchi moja hosi inapaswa kuwa na tundu la karibu milimita 19, na viungio vyake visiwe vyembamba kuliko hosi yenyewe. Tofauti ya bei kati ya hosi mbili hizo ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kompresa, lakini ndipo watu wanapobana matumizi.

Baada ya hapo unakuja mgongano wenyewe, kwa sababu mhandisi na fundi, waliokuwa wakikubaliana, wanaachana njia.

Mhandisi anataka kompresa ya skrubu. Katika mtambo wa aina hii hakuna pistoni. Kuna rota mbili zenye mikunjo kama ya parafujo, zinazozunguka zikiwa zimeingiliana ndani ya mafuta, na hewa inayonaswa kati yake husukumwa mbele ikibanwa kadiri nafasi inavyopungua. Wazo hilo lilipewa hataza Ujerumani katika karne ya 19, na sura yake ya kisasa ikaendelezwa na Mswidi Alf Lysholm katika miaka ya 1930. Kompresa ya skrubu iliyofungwa kwenye PTO, jina ambalo mafundi wamelizoea kwa herufi zake tatu na ambalo humaanisha kifaa cha kuchota nguvu ya injini kupitia gia boksi, huweza kutoa lita 2,000 kwa dakika na zaidi bila tenki kubwa, hubana bila kusita kwa saa nyingi, haina valvu za kugongagonga, na haihitaji injini ya pili. Gari la huduma litakuwa na injini moja, mafuta ya aina moja na nafasi tele kwenye bodi.

Fundi anapinga, na pingamizi lake halitokani na woga wa kitu kipya. Hoja yake ya kwanza ni kwamba mtambo unaoendeshwa na injini ya gari hufa pamoja na injini ya gari; gia boksi ikipata hitilafu, kampuni imepoteza usafiri na upepo kwa mkupuo mmoja. Ya pili ni vipuri. Kompresa ya pistoni inayoendeshwa kwa beliti na injini ndogo ya petroli, iliyofungwa kwa boliti kwenye bodi ya lori, ina ringi, gasketi na bamba za valvu ambazo hupatikana Kariakoo na ambazo fundi wa Makambako au Tunduma huzibadilisha kwa spana za kawaida. Rota za skrubu zikikwaruzana, kinachobadilishwa ni kiini kizima, na kiini hicho huagizwa.

Mhandisi anajibu kwamba ubora hauwezi kuzuiwa na uchache wa vipuri, kwani hata breki za upepo zilikuwa ngeni zilipoingia. Kisha anataja udhaifu wa pistoni ambao ni wa kweli: joto. Hewa inapobanwa kwa hatua moja hadi baa 8, joto lake wakati wa kutoka kwenye silinda laweza kuzidi nyuzi 200 za Selsiasi, na joto hilo huunguza mafuta na kuacha masizi kwenye valvu. Fundi anaijua dawa yake, nayo ni kununua pistoni ya hatua mbili, ambamo silinda kubwa hubana kwanza hadi presha ya wastani, hewa hupozwa kwenye bomba lenye mapezi, kisha silinda ndogo humalizia.

Anayekata mzozo huu, kinyume na matarajio, ni mhasibu. Anauliza swali ambalo wataalamu wawili hawakuliuliza: gari la huduma litahitaji upepo kwa saa ngapi kwa siku?

Swali hilo linabadilisha sura ya mjadala. Gari linalookoa malori barabarani halitumii upepo kutwa nzima. Huenda kilomita 80, hutumia upepo dakika 15 au 20, huzima, hurudi. Kwa matumizi ya namna hiyo sifa kuu ya skrubu, yaani uvumilivu wa saa nyingi, hailipwi, na zaidi ya hayo hugeuka kuwa maradhi. Hewa ina mvuke wa maji ndani yake, na pwani ya Dar es Salaam, penye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kila mita moja ya ujazo hubeba takriban gramu 24. Skrubu hubana hewa ikiwa imelowa mafuta, na maji hayo yasipopata joto la kutosha, kwa muda wa kutosha, ili yatoke kama mvuke, hubaki kwenye mafuta na kuyafanya kuwa kama maziwa. Beringi huanza kuliwa na kutu. Mtambo uliobuniwa kwa kazi ndefu huharibiwa na kazi fupi. Mhandisi, kwa sifa yake, anakubali kwamba hili ni jambo analolifahamu na ambalo alilipita haraka.

Pistoni nayo hupata maji, ila kwake hukusanyika zaidi chini ya tenki. Mtambo unaotoa lita 500 kwa dakika, ukifanya kazi saa moja katika hali hiyo ya pwani, huacha zaidi ya nusu lita ya maji, na dawa yake ni kufungua koki ya chini kila jioni. Tenki lisilomwagwa maji huliwa na kutu kutoka ndani, mahali pasipoonekana, na tenki lenye presha ya baa 10 likipasuka halitofautiani na bomu. Ndiyo maana sheria za usalama mahali pa kazi, ile ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, haziliachi tenki la hewa lilindwe kwa hisani ya mwenye nalo tu, bali hutaka likaguliwe. Na kulifunga kwenye lori hakulifanyi kuwa sehemu ya lori.

Kuna jambo ambalo sauti zote nne zingelisahau kama mhandisi asingelitaja, nalo ni mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko presha ya hewa ya kawaida ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam. Kompresa iliyojaribiwa pwani huvuta hewa nyepesi ikifika Nyanda za Juu, na injini ndogo ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Injini inayotosha pwani kwa shida yaweza kuzimika mlimani mara mtambo unapokaribia presha ya juu. Iliyo kubwa kidogo haitazimika. Kanuni ya kununua injini kubwa kidogo kuliko hesabu inavyodai, ambayo mhasibu huiona kuwa ubadhirifu, kwenye njia hii ni hesabu yenyewe.

Mwishoni dereva anarudi, na safari hii hatetei desturi yake. Anauliza kama tairi lililotembea likiwa limelegea linaweza kujazwa pale pale. Fundi anajibu kwa ukali usio wa kawaida. Tairi la lori lililokimbia na upepo pungufu huvunjika nyuzi za chuma za ubavuni bila kuonyesha jeraha nje, na likijazwa tena nyuzi hizo huachia moja baada ya nyingine hadi ubavu ufunguke kama zipu, kwa nguvu ya kumuua aliyechuchumaa mbele yake. Kanuni za kazi za Marekani hukataza kujaza tairi la lori likiwa garini, nje ya kizimba cha usalama cha kujazia matairi, kama presha yake imeshuka hadi asilimia 80 ya ile inayopendekezwa au chini yake. Ni lazima lifunguliwe kwanza na kuchunguzwa ndani. Hata lile linaloruhusiwa hujazwa kwa kibano kinachojishikilia kwenye valvu, hosi ndefu na geji iliyo mbali, fundi akiwa amesimama kando ya mstari wa ubavu wa tairi. Kwa maneno mengine, kompresa yenye nguvu mikononi mwa mtu asiyejua hili ni hatari kuliko ile dhaifu ya mhasibu, ambayo angalau humchosha mtu kabla haijamuua.

Baada ya sauti zote kusikika, hukumu haiwezi kuwa moja kwa magari yote, lakini kwa gari lililoulizwa inaweza kutolewa bila kigugumizi. Gari la huduma la njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, linalotumia upepo kwa dakika na si kwa saa, lifungwe kompresa ya pistoni ya hatua mbili yenye injini yake, itoayo si chini ya lita 400 hadi 500 za hewa huru kwa dakika kwa baa 8, ikiwa na tenki la lita 100 au zaidi, hosi ya milimita 19, valvu ya usalama isiyochezewa na injini ya kutosha mwinuko wa Mbeya. Kasoro zake ni kelele, uzito wa kilo mia na zaidi, na petroli inayopaswa kubebwa mbali na moto, zote zinavumilika. Skrubu ya PTO iachiwe migodi na wakandarasi wa barabara ambao nyundo zao za upepo hunguruma tangu asubuhi hadi jioni, maana huko italipa kila shilingi iliyotolewa. Kompresa ya umeme ibaki kwenye pikapu na magari ya watalii. Na mnunuzi anayesimama mbele ya muuzaji asikubali kuonyeshwa namba ya baa peke yake. Adai kuandikiwa kwenye ankara lita kwa dakika kwa presha ya kazi, na kama muuzaji hawezi kuiandika, aende duka la pili.